Buibui Jeusi Mbele ya Taa ya Gari

Mama atokaye msikitini baada ya tarawehe, amejisitiri kwa buibui jeusi na kumshika mwanawe mkono, huiona taa ya tuktuk tangu ingali mbali. Hudhani kwamba dereva naye amemwona. Dhana hiyo ni ya hatari.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufia Kairo, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi nuru ya kuvitafuta vitu. Nuru ndiyo itokayo kwenye vitu ikaliingia jicho. Kisichorudisha nuru hupotea gizani, hata kikiwa hatua chache tu mbele yetu.

Kila kitu huipokea nuru kwa namna yake. Kioo safi cha dirisha huipitisha. Kioo cha kujitazamia huirudisha kwa upande mmoja. Kanzu nyeupe huitawanya pande zote, ndiyo maana huonekana popote asimamapo mtazamaji. Kitambaa cheusi huimeza sehemu kubwa ya nuru na kuigeuza joto. Aliyewahi kuanua nguo juani amelihisi hilo kwa mkono wake.

Kwa hivyo, taa ya gari inapolimulika buibui, nuru inayomrudia dereva ni chache mno. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akichelewa kumwona mama kwa sekunde 2 tu, amekwisha kumkaribia kwa mita 28.

Dawa yake si kupunguza stara, bali ni kuongeza nuru. Shika kurunzi. Mvishe mtoto nguo nyeupe, nawe beba mkoba mweupe upande wa barabara. Bora zaidi ni ukanda wa kung'aa kama ule wa fulana za waendesha bodaboda, kwani umetengenezwa ili kuirudisha nuru kulekule ilikotoka, yaani kwa dereva. Kipande kidogo kikishonwa kwenye mkoba chatosha kuwa ishara.

Usiku wa leo zimeni taa za nyumbani. Mmoja aishike kurunzi karibu na jicho lake, mwengine asimame mwisho wa ukumbi na buibui, kisha kanzu, kisha ukanda huo. Watoto watayaona wenyewe, na mtoto aliyeona hahitaji kuonywa mara mbili.