Padi ya Zamani, Kompyuta Mpya

Padi ya PlayStation 2 ina plagi bapa yenye nafasi tisa za pini, na hakuna kompyuta ya kawaida iliyotengenezwa na tundu la kuipokea. Katikati huwekwa adapta: kisanduku kidogo cha plastiki chenye matundu mawili ya padi upande mmoja na waya wa USB upande wa pili. Kwenye vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki, ambako PS2 ilitamba kwa miaka mingi, padi hizi zimebaki kwa wingi hata baada ya mashine zenyewe kufa lenzi. Nyingi bado ni nzima. Zinapogoma kwenye kompyuta mpya, mara nyingi padi haina kosa, wala waya. Shida iko kwenye namna adapta inavyojitambulisha, na kwenye kile ambacho kompyuta, au gemu, inangoja kusikia.

Ugomvi huu ni mkongwe kuliko USB. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mwaka 1981, iliuza pia kadi ya kuchomekea joystiki, yenye tundu la pini 15. Joystiki za wakati huo hazikuwa na chipu ndani. Kila mhimili ulikuwa rezista inayobadilika, kuanzia sifuri hadi omu 100,000, kadiri mpini unavyosukumwa. Kompyuta ilijua mpini uko wapi kwa kujaza umeme kwenye kapasita kupitia rezista hiyo na kupima muda hadi ijae. Upinzani ukiwa mkubwa kabisa, ilichukua kama milisekunde moja. Aliyepima ni prosesa yenyewe, kwa kuuliza mfululizo kama kapasita imejaa na kuhesabu imeuliza mara ngapi. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Prosesa yenye kasi zaidi iliuliza mara nyingi zaidi, kwa hiyo mpini uleule, ambao haujaguswa, ulisomeka kana kwamba umesukumwa mbali. Ndiyo maana gemu za zamani zilimtaka mchezaji apeleke mpini kila kona kabla ya kuanza, ili programu ijipimie upya.

USB ilipokuja mwaka 1996 ilihamisha kazi ya kupima kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kifaa. Padi ya USB hujipimia yenyewe, kisha hutuma namba zilizokwisha andaliwa, pamoja na maelezo ya jinsi ya kuzisoma: mihimili mingapi, vitufe vingapi. Utaratibu huo huitwa HID, na ndio huohuo unaotumiwa na kibodi na mausi. Tundu la pini 15 liliendelea kufifia hadi Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 bila kulitambua kabisa.

Mwenye joystiki ya pini 15 hujikuta amenunua kigeuzi cha USB kisichofanya kazi, na sababu yake ni rahisi kueleweka. Baadhi ya joystiki za mwishoni mwa miaka ya 1990, zikiwemo za jamii ya SideWinder za Microsoft, zilikuja na kigeuzi ambacho ndani yake hamna kitu ila waya. Kilifaa kwa sababu joystiki yenyewe ilijua kuongea kwa njia zote mbili. Kikiunganishwa na joystiki nyingine ni sawa na kipande cha waya tu. Joystiki ya rezista inahitaji kigeuzi chenye chipu ya kupima. Nazo SideWinder za kidijitali zilituma data kwa lugha yao ya siri kupitia nyaya za vitufe, hivyo kigeuzi chenye chipu ya kawaida nacho huambulia patupu.

Padi ya PlayStation ni ya kizazi kingine. Ndani yake mna chipu, na mazungumzo yake na mashine ni ya zamu: mashine inatoa mapigo ya saa, padi inajibu biti baada ya biti. Kitu cha kwanza inachojibu ni aina yake. Ikiwa katika hali ya kawaida hujitaja kwa namba moja, na ikiwa katika hali ya analogi hutaja nyingine na kuongeza data za vijiti viwili. Kwa hiyo vijiti vikikaa kama vimekufa huku vitufe vikifanya kazi, cha kwanza kuangalia ni taa nyekundu iliyo kati ya vijiti. Kama haiwaki, kitufe cha ANALOG hakijabonyezwa. Adapta nyingi haziiwashi zenyewe. Mafundi wanaofungua padi kutafuta ubovu kabla ya kubonyeza kitufe hicho wanajipa kazi bure.

Baada ya hapo ndipo kompyuta ihukumiwe. Kwenye Windows, hata toleo la 11, kuna jopo la majaribio ambalo halijabadilika sana tangu enzi za Windows 98: hubonyezwa kitufe cha Windows pamoja na R, kisha huandikwa joy.cpl. Adapta ikionekana humo na namba za vitufe zikiwaka kila vinapobonyezwa, basi umeme, waya, chipu na draiva vyote ni vizima. Isipoonekana, kwanza ibadilishwe tundu, kisha ijaribiwe kupitia habu ya USB 2.0, kwa kuwa baadhi ya chipu za bei nafuu hazielewani na matundu mapya ya kasi. Kompyuta mpakato yenye matundu ya USB-C peke yake haina shida ya pekee. Umbo la tundu limebadilika, lakini mawasiliano ya USB ya zamani bado yamo ndani yake.

CD ndogo inayokuja na adapta huwatisha wengi, kwani kompyuta mpya hazina hata mahali pa kuiweka. Mara nyingi haihitajiki. Draiva ya HID tayari imo ndani ya Windows. CD huleta draiva za mtetemo tu. Tena draiva hizo ziliandikwa kwa ajili ya Windows 98 au XP, na Windows za biti 64, tangu Vista, hukataa draiva ya ndani ya mfumo isiyo na sahihi ya kidijitali. Kuulegeza ulinzi huo kwa ajili ya padi kutetemeka ni kuvunja mlango ili kuokoa kitasa.

Linalowachanganya watu zaidi ni pale jopo la majaribio linapoonyesha kila kitu sawa, lakini gemu ikifunguliwa haioni padi yoyote. Tangu mwaka 1995 Windows ilikuwa na njia iitwayo DirectInput, inayokubali kifaa cha umbo lolote: vitufe vitano au thelathini, mihimili miwili au minane. Uhuru huo ulimlazimu mchezaji kupanga vitufe upya kwa kila gemu. Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, Microsoft ilileta XInput, ambayo inatambua umbo moja tu, lile la padi ya Xbox, na padi zisizozidi nne. Watengenezaji wa gemu waliipenda kwa sababu vitufe vinajulikana mapema, na gemu nyingi za miaka iliyofuata ziliacha kuisikiliza njia ya zamani. Adapta ya PS2 inaongea DirectInput. Gemu inasikiliza XInput. Zote mbili ni nzima, ila hazisikilizani.

Dawa ni kuweka mkalimani. Steam, programu ya duka la gemu za kompyuta, ina sehemu ya mipangilio ya padi ambayo huifanya padi yoyote ionekane kama ya Xbox, hata kwa gemu isiyonunuliwa huko, ilimradi imeongezwa kwenye orodha yake. Programu ya x360ce hufanya kazi hiyohiyo bila Steam. Kwenye kupanga, kijiti cha kulia ndicho cha kuangaliwa: adapta za PS2 kwa kawaida hukituma kwenye mihimili tofauti na ile ya Xbox, na ndiyo maana kamera ya gemu huzunguka yenyewe au huenda juu inapoamriwa kwenda pembeni. Kuazima mpangilio wa mtu mwingine hakusaidii kila mara. Adapta za viwanda mbalimbali hubeba chipu za jamii moja na kujitambulisha kwa namba zilezile, mathalani 0810:0001, hata pale waya wa ndani unapotofautiana.

Kwenye Linux namba hiyo ni habari njema. Kiini cha mfumo kina msimbo maalumu kwa ajili yake, unaozitenganisha padi mbili na hata kuendesha mtetemo bila CD yoyote. Kwa adapta isiyotambuliwa, padi mbili huweza kuonekana kama moja, kila mchezaji akimvuruga mwenzake. Hapo huongezwa, kwenye mipangilio ya kiini hicho, chaguo la usbhid.quirks lenye namba mbili za adapta na thamani 0x040.

Adapta ya padi za GameCube ina tabia yake. Nintendo iliitoa mwishoni mwa mwaka 2014 kwa ajili ya Wii U, ikiwa na matundu manne na plagi mbili za USB: nyeusi ya data, ya kijivu ya umeme wa mtetemo. Ikichomekwa kwenye kompyuta hukaa kimya, kwa sababu inasubiri amri ambayo Windows haijui kuitoa. Watumiaji wa Dolphin, programu inayoiga GameCube na Wii, hutumia programu ya Zadig kubadilisha draiva ya adapta kuwa WinUSB, kisha Dolphin yenyewe huipelekea adapta amri hiyo. Umakini unatakiwa wakati wa kuchagua kifaa kwenye orodha ya Zadig. Ikichaguliwa mausi au kibodi kwa bahati mbaya, inakufa papo hapo hadi draiva yake irudishwe. Adapta za watengenezaji wengine huwa na swichi ya kuchagua Wii U au PC, na upande wa PC huitoa padi kama HID ya kawaida, bila haja ya Zadig.

Yapo mambo ambayo programu haiyawezi. Mota za padi ya PlayStation zilizoea volti zipatazo 7.5, wakati USB hutoa 5, kwa hiyo mtetemo kupitia adapta rahisi huwa dhaifu. Vitufe vya DualShock 2, padi ya PS2, hupima nguvu ya kidole, na gemu ya magari ya Gran Turismo 3 ilikitumia kipimo hicho kuongeza mafuta kidogokidogo; adapta za bei nafuu huvituma kama vimebonyezwa au havijabonyezwa, basi. Kwa mkeka wa kuchezea dansi hali ni mbaya zaidi. Adapta nyingi hugeuza mishale kuwa mhimili au swichi ya pande nane, ambayo haiwezi kuwa kushoto na kulia kwa wakati mmoja, ilhali mchezaji wa dansi hukanyaga mishale hiyo miwili pamoja. Hapo hutafutwa adapta inayotuma kila mshale kama kitufe chake peke yake.