Mjasiriamali ni nani? Swali la mwanafunzi na hesabu ya mpunga wa Kaoze

MWANAFUNZI wa sekondari anayefunga shule mwezi Juni na kuteremka kwenda kwao Kaoze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, hukuta mambo mawili yanamsubiri. La kwanza ni mpunga, ambao wakati huo unapigwa na kupepetwa kila upande. La pili ni daftari la shule lenye swali ambalo walimu wa biashara hawachoki kulitoa: eleza maana ya mjasiriamali, toa mifano kutoka mazingira yako.

Jibu la vitabuni ni fupi na halina ubaya. Mjasiriamali ni mtu anayeona nafasi, anakusanya mtaji, anathubutu, anapata faida. Mwanafunzi ataandika hivyo na kupata alama zake. Taabu ni kwamba akitoka nje ya nyumba na kumtazama mjomba wake anayenunua mpunga kwa madebe, ile maana haimsaidii kujua kama mjomba ni mjasiriamali, ni mchuuzi, ama ni mtu anayehangaika tu. Safu hii wiki hii inamchukua mwanafunzi wa namna hiyo kama mfano, kwa sababu swali lake linawahusu pia wengi wanaosoma ukurasa huu na fedha zao zikiwa ndani ya magunia.

Tuanze na jina lenyewe. Neno mjasiriamali limeundwa kwa jasiri na mali, na wazee wengi wa Ufipa walifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kulisikia. Wao waliitwa kwa majina mengine. Katika miaka ya biashara ya dola, nafaka ilinunuliwa na vyombo vya umma, Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) likiwa mbele, na mtu binafsi hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 bila kibali. Aliyepakia magunia matano usiku kutoka bondeni kwenda Sumbawanga alikuwa mlanguzi. Mwaka 1983, wakati wa operesheni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, magunia hayo yangeweza kumpeleka mtu kizuizini.

Mwaka uliofuata, 1984, kiwango kikapandishwa hadi kilo 500. Mwaka 1987 mipaka ya uzito ikaondolewa. Desemba 2018 Serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa Sh 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki Sh milioni 4 kwa mwaka. Kazi ni ile ile: kununua panapozidi na kuuza panapopungua. Kilichobadilika ni jina na sheria. Mwanafunzi akilijua hilo atakuwa mwangalifu kidogo asidhani kuwa ujasiriamali ni kitu kilicholetwa na semina.

Aidha, Ufipa ina historia ndefu zaidi ya hiyo. Kabla ya ukoloni, uwanda wa juu ulikuwa na chuma, na bonde lilikuwa na pamba na vitambaa vilivyofumwa huko huko. Chumvi ilitoka Ivuna, kusini ya ziwa. Tanuri refu za udongo ziitwazo malungu, ambazo masalia yake yangali yakionekana, hazikuendeshwa na mtu mmoja mwenye nguvu za mikono. Fundi mkuu alitafuta watu wa kuchimba mawe ya chuma, watu wa kuchoma mkaa na watu wa kujenga, akawalisha kwa siku zote hizo, na yote hayo kabla ya kujua kama tanuri litatoa chuma ama uchafu. Jembe lililotoka hapo lilibadilishwa kwa nguo, chumvi au mifugo. Kama huyo hakuwa mjasiriamali, basi neno halina kazi.

Jambo hili lilimvutia mwanafunzi mwingine, na huyu anafahamika. Roy Willis, Mwingereza aliyewahi kuwa mwandishi wa habari kabla ya kwenda Oxford kusomea elimu ya jamii za watu, alikaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya utafiti wake. Kutokana na kazi hiyo aliandika baadaye vitabu kadhaa, kikiwemo kile cha mwaka 1981 juu ya jinsi dola ya Wafipa ilivyojengeka. Alichokiona ni jamii inayothamini kupatana na kubadilishana mali, inayomheshimu mtu anayejiendeleza kwa juhudi yake mwenyewe.

Lakini Willis huyo huyo aliandika mwaka 1968 juu ya Kamchape, vuguvugu la kusaka wachawi lililopita kusini-magharibi ya Tanzania akiwa huko. Mambo haya mawili hayako mbali sana. Panapokuwa na watu wanaopanda upesi, pana majirani wanaojiuliza wamepandaje. Hata jina la Sumbawanga lenyewe wengi hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi". Mfanyabiashara kijana anayeanza kijijini kwao ana gharama ambayo haimo katika daftari la shule: lazima aonekane anauza kwa haki, anachangia misiba, na hasahau mlango wa shangazi. Wapo wanaohama kabisa na kwenda kufanyia biashara mji mwingine ili kuikwepa gharama hiyo, na huwezi kusema wamekosea hesabu.

Sasa turudi kwenye mpunga. Mtu wa kwanza kumweleza mjasiriamali kwa namna inayomfaa mfanyabiashara wa mazao alikuwa Richard Cantillon, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa mwenye benki mjini Paris, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, baada ya kufa kwake. Kwa Cantillon, mtu huyu ananunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Basi. Hakusema lazima avumbue kitu, wala awe tajiri. Mkulima naye aliingizwa humo, kwa kuwa anatoa mbegu na jasho leo bila kujua soko la mavuno. Wataalamu waliokuja baadaye waliongeza mengi, Schumpeter mwaka 1911 akisisitiza mambo mapya na Knight mwaka 1921 akitenganisha hatari inayopimika na ile isiyopimika, lakini kwa Kaoze ya Juni maelezo ya Cantillon yanatosha kuanzia.

Tuseme mwanafunzi wetu na kaka yake wanataka kununua kilo 2,000 za mpunga, waupandishe Sumbawanga, wauhifadhi miezi mitano, kisha waukoboe na kuuza mchele. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, si bei za soko za wiki hii; msomaji aweke za kwake. Mpunga kwa Sh 600 kilo ni Sh 1,200,000. Magunia 25 ya kilo 80 yanahitaji viroba vya Sh 40,000. Nauli ya lori kupanda ukingo wa bonde, kwa Sh 6,000 gunia, ni Sh 150,000. Kupakia na kushusha Sh 25,000, ghala Sh 50,000, ushuru na madogo madogo Sh 35,000. Jumla imeshafika Sh 1,500,000 kabla kinu hakijaguswa.

Mpunga nao haukai kilo 2,000. Unakauka, panya wanakula, mwingine unamwagika. Tuweke zibaki kilo 1,920. Kukoboa kwa Sh 50 kilo ni Sh 96,000, na jumla inakuwa Sh 1,596,000. Kinu kikitoa mchele asilimia 65, wanapata kilo 1,248. Kwa hiyo kila kilo ya mchele imewagharimu karibu Sh 1,279.

Soko likiwapa Sh 1,400 kilo, wanapata Sh 1,747,200, na faida ni Sh 151,200. Si haba kwa vijana wawili, ingawa miezi mitano ni mingi.

Ila tuangalie mtaji ulikotoka. Kama ile Sh 1,200,000 ya kununulia ilikopwa katika kikoba kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitano ni Sh 300,000. Gharama ya kilo inapanda hadi Sh 1,519 hivi. Kwa bei ile ile ya Sh 1,400, ndugu hawa wanapata hasara ya Sh 148,800. Mpunga ni ule ule, ujasiri ni ule ule, lori ni lile lile. Mkopo wa kikoba umetengenezwa kwa biashara inayozunguka kila wiki, kama dagaa au mboga. Ukiuweka ghalani unakula usiku na mchana. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa kwa mtu wa nafaka. Hata hivyo nayo ina mikosi yake. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ilipoanza tena kutolewa mwaka 2024, aliyekuwa ameipangia msimu ule wa katikati alikuwa ameshaukosa.

Halafu kuna kinu. Kama mpunga ulianikwa vibaya, ukakauka kupita kiasi au ukaingia ghalani na unyevu, punje zinavunjika na mchele unapungua. Kinu kikitoa asilimia 58 badala ya 65, mchele unakuwa kilo 1,113 na ushei. Kwa Sh 1,400 unaleta takriban Sh 1,559,000, yaani hasara ya Sh 37,000 hivi hata kwa yule aliyetumia fedha yake mwenyewe bila deni. Asilimia saba kwenye kinu zimefuta faida yote. Sijaona daftari la shule linalotaja unyevu wa punje katika sura ya ujasiriamali, na nadhani ndipo palipostahili kuanzia.

Upande mwingine wa bei isiyojulikana uko mbali na kinu, nao ni Serikali. Watu wa mahindi wa uwanda wa juu wanaufahamu vizuri. Mwaka 2011 mahindi yalizuiwa kwenda nje. Juni 2017 yakazuiwa tena, na walioshika magunia wakitegemea Zambia na Kongo wakaona bei ikiporomoka huku ghala zimejaa. Zuio liliondolewa baadaye, lakini aliyekuwa na deni la benki alikuwa ameshauza kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo hatari ya Knight isiyopimika: huwezi kuiwekea asilimia. Unachoweza ni kutoweka mzigo wote katika zao moja linalotegemea mpaka mmoja. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanzishwa mwaka 2008 na wenye kanda yake Sumbawanga, hununua mahindi kwa bei iliyotangazwa, na msimu ambao bei hiyo ni nzuri foleni huwa ndefu. Anayeutegemea ahesabu na siku za kusubiri.

Kwa upande wa barabara mambo ni mazuri kuliko zamani. Kilometa 224 za lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, zilizojengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008, zimewaleta wanunuzi wenye malori yao mpaka mlangoni. Mkulima amefaidika. Mlanguzi wa zamani, ambaye faida yake ilitokana na kujua njia mbovu na kupata lori pale ambapo wengine hawakupata, amepoteza sehemu ya kazi yake. Barabara nzuri hupunguza pengo la bei, na pengo ndilo chakula cha mchuuzi. Mwanafunzi anayetaka kuishi kwa kununua huku na kuuza kule ajue kwamba pengo la leo huenda lisiwepo akimaliza chuo.

Jambo la mwisho linalozua ubishi ni kununua mazao yakiwa bado shambani. Mwezi wa Februari mkulima ana njaa au ada ya mtoto, anapewa fedha kidogo, na Juni anatoa magunia. Kagera kwenye kahawa wanaita butura, Mtwara na Lindi kwenye korosho wanaita kangomba, na kote vita imetangazwa dhidi yake. Kwa maelezo ya Cantillon, anayetoa fedha Februari ni mjasiriamali kamili, maana ananunua kitu ambacho mvua inaweza kukizuia kisiwepo. Kwa mkulima ni mtu aliyechukua gunia kwa nusu ya thamani. Maoni ya safu hii ni kwamba zote mbili ni kweli, na kwamba yule jirani wa Kaoze hatasahau ya pili. Lumbesa ni hivyo hivyo: debe la ziada juu ya gunia ni faida msimu huu, na msimu ujao ni sababu ya mkulima kumpelekea mzigo mtu mwingine mwenye mizani.

Kwa wanaojiandaa kununua mpunga bondeni msimu huu, kabla hujafunga bei na mwenye mzigo chukua debe moja kutoka gunia la katikati, si la juu, lipeleke kwenye kinu na upime mchele na chenga kila kimoja peke yake. Gharama yake ni ndogo, na jibu unalipata siku hiyo hiyo.