Bledi ya Boksi kwa Trekta Dogo: Upana Unaofaa Ardhi ya Vilima

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, hakuna kinachoharibu njia isiyo na lami kama maji ya mvua. Bukoba hupata wastani wa karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho ni miongoni mwa vikubwa nchini Tanzania, na kwa kuwa mvua hiyo huangukia ardhi ya miinuko na mabonde, kuanzia mitaa ya Miembeni mjini Bukoba hadi Kamachumu wilayani Muleba, maji hufuata mteremko, huchimba makorongo katikati ya njia na kuacha mawe wazi mahali palipokuwa na kifusi. Kuliita greda kila mara njia ya shambani, uwanja wa ghala la kahawa au kiwanja cha shule kinapoharibika ni gharama ambayo wengi hawaimudu. Ndiyo maana mwenye trekta dogo la magurudumu manne, lenye nguvu farasi kati ya 20 na 50, hufikiria kununua bledi ya boksi. Na swali linalomkabili mapema ni la ukubwa wake.

Bledi ya boksi ni kifaa cha chuma kinachofungwa nyuma ya trekta, chenye bamba refu la nyuma na mbavu mbili za pembeni, lakini kisicho na kitako wala upande wa mbele, mfano wa kreti ya soda iliyokatwa kitako na ubavu mmoja. Chini ya bamba hufungwa kwa bolti makali mawili, moja likielekea mbele ili kukwangua udongo trekta linapokwenda, na jingine likielekea nyuma ili kusukuma na kutandaza udongo trekta linaporudi kinyumenyume. Mbele ya makali hayo husimama safu ya meno ya chuma ambayo huteremshwa ili kufumua ardhi iliyoshindiliwa, kisha hupandishwa kazi hiyo inapokwisha. Mbavu za pembeni ndizo zinazokitofautisha kifaa hiki na bledi iliyo bapa, kwa sababu huuzuia udongo usimwagike kandoni, hivyo kifusi kilichokwanguliwa mahali palipoinuka hubebwa hadi penye shimo na kuachwa hapo.

Kipimo cha kwanza: matairi

Upana wa boksi huanzia kwenye upana wa trekta lenyewe, unaopimwa kwa utepe kutoka ukingo wa nje wa tairi la nyuma la kulia hadi ukingo wa nje wa tairi la kushoto, matairi yakiwa katika nafasi yatakayofanyia kazi. Boksi linapaswa kufunika upana huo wote na kuzidi kidogo, sentimita 5 hadi 10 hivi kila upande. Likiwa jembamba kuliko hapo, alama za matairi hubaki ardhini bila kufutwa, na dereva hawezi kukwangua karibu na ukuta au ukingo wa mtaro, kwa kuwa tairi hufika pale kabla ya boksi.

Maboksi mengi huuzwa kwa futi: 4, 5, 6 na 7, yaani takriban mita 1.2, 1.5, 1.8 na 2.1. Kwa desturi, futi 4 hulinganishwa na trekta la nguvu farasi 20 hadi 25, futi 5 na lile la 25 hadi 35, futi 6 na lile la 35 hadi 50, na futi 7 huachiwa matrekta yanayozidi hapo. Powatila ya magurudumu mawili haimo katika hesabu hii, kwani haina mikono ya haidroliki ya kubeba boksi.

Kipimo cha pili: uzito na mwinuko

Desturi hiyo ni dira tu, na hutoka zaidi katika nchi ambako mashamba ni tambarare. Injini iwe na nguvu kiasi gani, nguvu hiyo hufika ardhini kupitia matairi, nayo matairi hushika ardhi kwa kadiri ya uzito unaoyakandamiza. Juu ya udongo mkavu ulioshikamana, trekta linalosukumwa na magurudumu yote manne huweza kuvuta takriban nusu ya uzito wake, lakini udongo ukilowa kiasi hicho hushuka sana. Trekta la kilo 1,500, kwa mfano, likipanda mwinuko wa asilimia 10, yaani mita 1 ya kwenda juu kwa kila mita 10 za kwenda mbele, hutumia nguvu inayokaribia uzito wa kilo 150 kujipandisha lenyewe kabla ya kuvuta chochote.

Hapo ndipo boksi pana linapomgeuka mwenyewe. Boksi la mita 1.5, lenye kimo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 40 kutoka mbele hadi nyuma, lina nafasi ya mita za ujazo 0.27, ambayo ikijaa udongo wenye unyevu hufikia kilo 380 hivi. Boksi la mita 1.8 lenye kimo na kina kilekile hufikia kilo 450. Tofauti ya kilo 70 huenda isionekane kwenye uwanja tambarare, lakini juu ya kilima chenye udongo laini ndiyo inayofanya magurudumu yazunguke palepale na kuchimba mashimo mapya katika njia iliyokusudiwa kutengenezwa.

Uzito wa chuma cha boksi nao una maana yake. Boksi jepesi hurukaruka juu ya ardhi ngumu na kuacha mawimbi, ilhali zito la upana uleule huzama na kukata. Kwa hiyo, penye miinuko, boksi jembamba lililo zito mara nyingi hufaa kuliko pana lililo jepesi, mradi bado linafunika matairi. Hata hivyo, haidroliki ya trekta ina kikomo, na mnunuzi anapaswa kuuliza uwezo wa kunyanyua unaopimwa sentimita 61 nyuma ya ncha za mikono, kwa kuwa kipimo cha kwenye ncha zenyewe huwa kikubwa zaidi na huweza kupotosha. Boksi likiwa zito kupita kiasi, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki, jambo la hatari kwenye mteremko, na huhitaji uzito wa ziada kufungwa mbele.

Kipimo cha tatu: pini

Boksi hushikwa na trekta katika sehemu tatu: mikono miwili ya chini inayonyanyua na mkono mmoja wa juu unaorekebisha mwinamo. Mfumo huu uliendelezwa na Harry Ferguson, mhandisi kutoka Ireland, na ulienea duniani kupitia trekta la Ferguson-Brown la mwaka 1936 na Ford 9N la mwaka 1939. Leo umegawanywa katika madaraja. Matrekta madogo mengi ni ya daraja la 1, ambalo pini zake za chini zina kipenyo cha milimita 22 na ya juu milimita 19, ilhali daraja la 2, la matrekta makubwa, lina pini za milimita 28 na 25, na nafasi kati ya mikono yake ni pana zaidi. Mnunuzi wa boksi lililotumika apime pini kwanza, kwani upana sahihi wenye pini zisizolingana humlazimu kutafuta fundi wa kuchomelea kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Boksi mahali pake

Mkono wa juu ukifupishwa, sehemu ya mbele ya boksi huinama na meno huzama. Ukirefushwa, kali la nyuma hugusa ardhi na kulainisha. Mkono mmoja wa chini ukishushwa kuliko mwingine, boksi hulala upande, na dereva huweza kuipa njia mgongo wa katikati unaomwaga maji pande zote mbili hadi mitaroni. Kwa Kagera, marekebisho haya ndiyo hasa thamani ya kifaa, kwani njia iliyosawazishwa bapa bila mgongo hugeuka mfereji mvua za Machi hadi Mei zinaponyesha. Kazi hufaa zaidi udongo ukiwa na unyevu kidogo: ukiwa mkavu kabisa hauvunjiki vizuri wala haushikamani, na ukiwa tope hujibandika ndani ya boksi.

Nafasi ya kugeuzia pia huamua. Kibanja, yaani shamba la nyumbani ambamo migomba na mibuni huchanganywa kuzunguka makazi, mara nyingi huwa na njia nyembamba, na boksi la futi 6 linaweza lisipite mahali ambapo la futi 5 hupita bila kugusa mche. Rweya, yaani nyika ya majani iliyo nje ya vibanja, haina kizuizi hicho. Barabara za umma ni suala jingine: zile za vijijini na mijini husimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, na idhini yake ndiyo ya kutafutwa kabla ya kuzikwangua.

Mpangilio wa uamuzi, basi, ni huu: matairi hutoa upana wa chini kabisa unaokubalika, uzito wa trekta, ukihesabiwa kwenye mwinuko mkali kuliko yote ambao litaufanyia kazi, hutoa upana wa juu, na njia nyembamba kuliko zote huweza kuupunguza tena. Ikiwa vipimo viwili vinabaki mezani baada ya hapo, penye vilima na mvua nyingi chaguo la busara ni kile kidogo, kwa sababu boksi dogo hupoteza muda kwa kupita mara nyingi zaidi, lakini kubwa lisilovutika haliimalizi kazi kabisa.