Sukari ya bakteria inayotuliza tumbo



Ukisikia neno bakteria, huenda unawaza kipindupindu, kuhara damu au kifua kikuu. Ni kweli, bakteria wengine huleta maradhi hayo. Lakini ndani ya utumbo wako na wa mtoto wako wanaishi bakteria wengi sana wasiodhuru, na baadhi yao hukulinda.

Wanakulinda vipi?

Bakteria mmoja wa utumbo aitwaye Bacteroides fragilis amefunikwa na ganda la sukari. Hii siyo sukari ya chai. Ni mnyororo mrefu wa sukari ambao wataalamu huuita polisakaraidi A. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, akiwemo Sarkis Mazmanian na Dennis Kasper, waliandika katika jarida la Nature kuhusu panya waliopewa kijidudu kinachovimbisha utumbo. Panya waliokuwa na bakteria wanaotengeneza sukari hiyo walikingwa. Wale waliopewa bakteria wa aina hiyo hiyo wasioweza kuitengeneza, utumbo wao uliumwa.

Sababu ni hii: askari wa mwili wakipigana kupita kiasi, hujeruhi utumbo wenyewe. Sukari hiyo huwafanya baadhi yao watoe kemikali ya kutuliza vita, iitwayo intalukini 10.

Je, ni dawa tayari?

Hapana. Majaribio hayo yalifanywa kwa panya. Atakayekuuzia "dawa ya sukari ya bakteria" sokoni anakudanganya. Tena, bakteria huyo akitoka nje ya utumbo, kwa mfano kidole tumbo kikipasuka, huweza kuleta jipu hatari tumboni.

Hili linakuhusu nini wewe?

Kwanza, maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha bakteria wazuri wa utumbo wake. Mama, mnyonyeshe mtoto maziwa yako peke yake kwa miezi 6, bila maji wala uji. Kisha mwanzishie vyakula vingine huku ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.

Pili, antibayotiki haichagui. Huua bakteria wabaya na wazuri pamoja. Mzazi anayenunua vidonge vya rangi mbili kila mtoto anapoharisha humwondolea walinzi wake, na kuharisha kwingi kwa watoto husababishwa na virusi, ambavyo antibayotiki haviwezi.

Mtoto akiharisha, fanya hivi:

- Mpe maji ya ORS mara kwa mara, kidogo kidogo. Changanya kwa maji safi na salama kama pakiti inavyoelekeza.
- Endelea kumnyonyesha na kumlisha.
- Mpeleke kituo cha afya apewe vidonge vya zinki. Hutumiwa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.
- Usimpe antibayotiki bila kuandikiwa na mganga. Akiandikiwa, mpe dozi yote.

Wahi kituoni mara moja, hata usiku, ukiona damu kwenye kinyesi, macho yaliyozama, kutapika kila anachopewa, kulegea, au mtoto kushindwa kunyonya.

Vidonge vilivyobaki nyumbani usimpe mtoto wa jirani. Virudishe kituoni, na mwelekeze jirani kwa mhudumu wa afya wa mtaa wenu.