Kutoka Mollo hadi Ziwa Rukwa: Weupe wa Bondeni na Asili ya Jangwa

Msafiri aondokaye Mollo alfajiri ya mwezi wa Julai hujifunga koti, kwa maana nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ni kali. Gari likisha kupita Ntendo, barabara huanza kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kona baada ya kona, hadi Muze katika Bonde la Rukwa. Hapo koti huwa mzigo. Ameshuka karibu mita 1,000, na kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kushuka.

Mbele yake, ng'ambo ya mbuga za majani makavu, huonekana ukanda mweupe umetandazwa kando ya ziwa. Jua la mchana likiupiga, weupe huo huumiza macho, na mgeni aweza kusadiki kwamba amefika jangwani. Je, ule ni mchanga? Na kama ni mchanga, je, siku moja upepo utaujenga vilima vyeupe kama vile vionekanavyo katika picha za majangwa ya mbali? Swali hili si la mgeni peke yake. Linamhusu mkulima wa Ufipa na mfugaji wa bondeni, kwani jibu lake limo katika udongo wanaoukanyaga wote wawili.

Safari ya punje ya mchanga

Barabara ya kushuka Rukwa ni kitabu cha jiolojia kilichofunuliwa. Miamba ya Ufipa ni ya kale mno. Sehemu yake kubwa ilipikwa na kukunjwa chini ya ardhi kiasi cha miaka milioni 2,000 iliyopita. Baadaye sana, ganda la dunia lilipovutwa na kupasuka, sehemu iliyo kati ya nyufa ilididimia na kuwa bonde. Bonde la Rukwa ni tawi mojawapo la Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, nalo limelala kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa.

Jua, mvua na mizizi huivunja miamba hiyo polepole. Madini mengi yaliyomo hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, lakini moja halilegei kwa urahisi, nalo ni kwatsi, lile jiwe gumu linalong'aa kama kioo. Punje za kwatsi hubaki, na hizo ndizo mchanga wa kawaida wa mito yetu. Mvua ya masika hushuka ukingoni kwa kasi ikiwa imebeba mchanga na udongo pamoja. Mto ufikapo kwenye tambarare hupungukiwa na nguvu, ukatua mchanga kwanza, kisha udongo mwembamba, ambao husafiri hadi ndani ya ziwa. Kwa hiyo Mollo na Rukwa, ingawa hali zao za hewa hazifanani, ni ncha mbili za safari moja.

Ziwa lisilo na mlango wa kutokea

Mito ya Songwe, Momba, Rungwa na mingineyo huingia Ziwa Rukwa, lakini hakuna mto hata mmoja utokao. Maji huondoka kwa njia ya kugeuka mvuke. Mvuke huo haubebi chumvi, hivyo kila kilichoyeyuka katika maji ya mito husalia ziwani, mwaka baada ya mwaka, na maji yakawa ya magadi.

Haikuwa hivyo siku zote. Zaidi ya miaka 10,000 hivi iliyopita, wakati Afrika ilipokuwa na mvua nyingi kuliko leo, Ziwa Rukwa lilijaa hadi uso wake ukawa zaidi ya mita 150 juu ya uso wa sasa, likafurika upande wa Karema na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Mvua zilipopungua, ziwa lilishuka na mlango ukafungika.

Ziwa lililobaki ni la kina kifupi, na hiyo ndiyo sababu ya kupanuka na kusinyaa kwake kwa ajabu. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa yapata kilomita 48 tu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1939, ulikuwa yapata kilomita 128. Mwanafunzi aweza kulielewa jambo hili kwa hesabu nyepesi. Tuseme sakafu ya ziwa ina mteremko wa mita 1 kwa kila mita 1,000. Maji yakipungua kina kwa mita 1, ufuko husogea kilomita 1 nzima. Katika ziwa lenye kingo za mwinuko mkali, kama Tanganyika, badiliko hilohilo huonekana kama alama tu juu ya mwamba.

Maji yarudipo nyuma huacha tope lenye unyevu. Jua huyavuta maji ya chini kupanda juu, yakageuka mvuke, na chumvi na magadi zikaganda usoni kama ukoko. Huo ndio weupe aliouona msafiri. Wenyeji wa bonde waliitambua hazina hii tangu zamani. Huko Ivuna, kusini mwa ziwa, uchimbaji wa wanaakiolojia katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi kutokana na chemchemi za maji ya chumvi tangu karne ya 13.

Weupe wa namna tatu

Si kila kitu cheupe ni kimoja. Vilima vyeupe vyenye sifa kuu duniani vimo katika bonde la Tularosa, jimbo la New Mexico nchini Marekani. Mahali hapo huitwa White Sands, nako kumehifadhiwa tangu mwaka 1933 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Vilima vyake hufunika eneo la kilomita za mraba 700 hivi. Barabara yenye urefu wa kilomita 13 hupita katikati yake, na mitambo hulazimika kuifagia mara kwa mara, kwani mchanga huizika.

Punje za mchanga huo si kwatsi. Ni jasi, madini yaleyale yachimbwayo Makanya na Itigi hapa Tanzania na kutiwa katika saruji. Jasi ni laini hata kucha huweza kuikwaruza, tena huyeyuka majini, ingawa kidogo: kiasi cha gramu 2 hivi kwa lita moja ya maji, ilhali chumvi ya mezani huyeyuka zaidi ya gramu 350. Milima inayolizunguka bonde la Tularosa ina matabaka ya jasi yaliyoachwa na bahari ya kale. Mvua huiyeyusha jasi hiyo na kuishusha bondeni, na kwa kuwa bonde halina mto utokao, maji hukauka na jasi kuganda. Upepo huvivunja vipande na kuvipeperusha.

Hapa ndipo tofauti na Rukwa inapodhihirika. Mabonde yote mawili yamefungwa, na yote mawili yaliwahi kuwa na maziwa makubwa zaidi. Lakini miamba ya Ufipa haina matabaka hayo ya jasi, basi kinachoganda Rukwa ni magadi na chumvi. Ukoko wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuzishika punje pamoja. Kwa kawaida haujengi vilima virefu.

Mfano ulio karibu zaidi na Rukwa ni Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Gari litokalo Marsabit kupitia Maikona na Kalacha kwenda North Horr huvuka uwanda mweupe ambao ulikuwa sakafu ya ziwa katika zama zile za mvua nyingi. Mvua inyeshapo, uwanda hugeuka tope na gari hunasa. Karibu na North Horr, mchanga umerundikwa kuwa vilima. Kwa nini Chalbi ikawa jangwa na Rukwa ikabaki mbuga? Chalbi hupata mvua isiyofikia milimita 250 kwa mwaka, ilhali Bonde la Rukwa hupata zaidi ya milimita 600. Tofauti hiyo yatosha kuotesha majani.

Jinsi upepo unavyofanya kazi

Upepo hauinui mchanga kama uinuavyo vumbi. Punje ya mchanga, yenye kipenyo cha robo milimita hivi, huruka hatua fupi, huanguka, na huzigonga nyingine ambazo nazo huruka. Mwingereza Ralph Bagnold, aliyesafiri kwa magari katika majangwa ya Misri na Libya, alieleza kanuni za mwendo huu katika kitabu chake cha mwaka 1941. Mchanga mkavu huanza kutembea upepo ufikapo kasi ya mita 5 au 6 kwa sekunde. Zaidi ya hapo, kiasi kinachobebwa huongezeka kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikizidi mara mbili, mchanga hubebwa takriban mara nane.

Tanzania inao mfano bora wa mwendo huu. Karibu na Bonde la Olduvai, katika eneo la Ngorongoro, kuna kilima cha mchanga mweusi uliotokana na majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Kina umbo la mwezi mwandamo, kimo cha mita 9 hivi na upana wa mita 100 hivi. Upepo husukuma punje kupanda mgongo wake, nazo huporomoka upande wa pili, hivyo kilima chote husogea yapata mita 17 kila mwaka. Vigingi vimesimikwa kuonyesha mahali kilipokuwa katika miaka iliyopita. Kwa mwendo huo, katika miaka 60 kilima husafiri kilomita moja.

Kwa muhtasari, vilima vya mchanga huhitaji mambo matatu kwa pamoja: punje kavu za kutosha, upepo wenye nguvu, na ardhi isiyo na kifuniko. Kukosekana kwa moja huyabatilisha mawili. Hata White Sands haingekuwapo lau si maji, kwani chini ya vilima vyake, kwa kina kifupi tu, kuna maji yanayoushika mchanga wa chini usipeperuke wote.

Kinacholilinda Bonde la Rukwa

Rukwa ina mchanga ulioshushwa na mito, na wakati wa kiangazi ina upepo wa kusi. Inachokosa ni ardhi iliyo wazi. Ziwa lirudipo nyuma, majani hufuata maji. Mbuga hizo za majani ndizo zilizolifanya bonde kuwa mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, ambao kati ya miaka ya 1930 na 1944 waliharibu mazao katika nchi nyingi za Afrika. Majani hayo huleta lawama na baraka pamoja: huwalea nzige, lakini pia huishika ardhi. Yakiliwa na mifugo hadi mizizi, au yakichomwa kila mwaka, sharti la tatu la jangwa huwa limetimizwa kwa mkono wa binadamu. Vilima vyeupe havitatokea kwa hilo, lakini vumbi la magadi litaruka na malisho yatapungua.

Huko juu, Wafipa wanayo elimu ya zamani inayohusu jambo hilihili. Katika kilimo cha ntumba, majani hufukiwa ndani ya matuta ya mviringo mvua zinapokaribia kwisha, yakaoza na kuwa mbolea. Msimu ufuatao matuta husambazwa na mazao kupandwa. Tuta hurutubisha, na pia huyapunguza kasi maji ya mvua. Kila debe la udongo linalobaki katika shamba la Mollo ni debe moja lisilokwenda kuufukia mto na kukipunguza kina cha ziwa ambalo tayari ni la kina kifupi.

Majaribio ya darasani

1. Kutambua weupe. Chukua mchanga mweupe wa mtoni, jasi na magadi. Kila kimoja kitie matone ya siki. Magadi hutoa mapovu ya hewa ya kaboni dayoksaidi. Jasi safi na kwatsi hazitoi. Kisha sugua punje juu ya kipande cha kioo: kwatsi hukikwaruza kioo, jasi haiwezi.

2. Kuushika mchanga. Jaza masinia matatu mchanga mkavu. La kwanza liache hivyo, la pili lirushie maji, la tatu lichomeke vijiti vifupi kama majani. Pepea kwa kipande cha ubao kwa nguvu ileile na umbali uleule, kisha pima kwa mizani mchanga ulioondoka katika kila sinia. Wanafunzi wasimame upande utokako upepo ili kulinda macho.

Sinia la kwanza ni mfano wa jangwa, la tatu ni mfano wa mbuga za Rukwa. Mvua haiko katika uwezo wa mkulima wala mfugaji. Kifuniko cha ardhi kimo katika uwezo wao, na hicho ndicho kinachoutenga ukanda mweupe wa Rukwa na vilima vya Chalbi.