ONJA NA WAANDISHI USIOWAJUA



Sisi tunaofundisha elimu ya watu wazima tunawaona wasomaji wa namna hii. Mmoja anasema, "Mimi ni Shaaban Robert tu." Mwingine anasema, "Mimi hadithi za upelelezi tu." Si vibaya. Shaaban Robert (1909–1962) ni mwalimu wetu sote. Lakini anayepanda mahindi peke yake, mwaka mahindi yakikataa atakula nini? Vivyo hivyo msomaji wa mwandishi mmoja. Vitabu vya huyo vikiisha, anakaa bure. Akikaa bure muda mrefu, kusoma kunaanza kuwa kazi ngumu tena. Jasho lote la darasani linapotea.

Basi tufanyeje? Tujaribu hadithi fupi.

Hadithi fupi huwa na watu wachache na jambo moja kubwa. Unaianza baada ya chakula cha jioni, unaimaliza kabla ya kuzima taa. Usipoipenda, hukupoteza siku nyingi. Fungua nyingine.

Hebu tutazame mifano miwili. Mwaka 1978 vilitoka vitabu viwili vya hadithi fupi. Kimoja ni "Kicheko cha Ushindi" cha Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar. Wengi wanamjua kwa riwaya yake "Kiu" ya mwaka 1972, lakini hadithi zake fupi hawajazigusa. Cha pili ni "Uwike Usiwike Kutakucha" cha Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe. Euphrase Kezilahabi naye alizaliwa Ukerewe. Jina la Kezilahabi limevuma sana, la Ruhumbika wengi hawajalisikia.

Jina la kitabu hicho cha Ruhumbika linatukumbusha methali: jogoo awike asiwike, kutakucha. Hadithi nzuri nayo ni hivyo hivyo. Mwandishi avume asivume, utamu wake upo. Kazi ni yetu kuutafuta.

Tutautafutaje?

Kwanza, angalia jina la kitabu. Ukiona maneno "na Hadithi Nyingine", ujue ndani mna hadithi kadhaa. Mfano ni "Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine" cha mwaka 2007. Humo wamo waandishi mbalimbali.

Pili, fungua ukurasa wa "Yaliyomo". Soma majina ya waandishi. Anza na yule usiyemjua.

Tatu, ukimpenda, andika jina lake kwenye daftari. Ukifika penye vitabu, uliza kama ana kingine.

Nne, azimaneni. Kitabu kimoja kikizunguka nyumba kumi, ni kama mmenunua kumi.

Ndugu, mwezi huu soma hadithi moja ya mtu ambaye hujapata kumsikia. Kisha wasomee wa nyumbani kwa sauti, muulizane: aliyekosea ni nani, na sisi tungefanyaje? Mkibishana mpaka usiku, mjue mmesoma kweli.