Mgombea Pekee, Mahabusu na Aliyehama: Sheria Mpya za Uchaguzi kwa Mpiga Kura wa Rungwe

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Wananchi wa Wilaya ya Rungwe, sawa na Watanzania wengine, walitarajiwa kupiga kura Jumatano, tarehe 29 Oktoba, 2025 kumchagua Rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi huo ulikuwa Uchaguzi Mkuu wa kwanza kufanyika chini ya sheria zilizopitishwa na Bunge mwezi Februari, 2024: Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 na Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi Na. 2 za mwaka huo. Sheria hizo zilianza kutumika mwezi Aprili, 2024. Baadhi ya mabadiliko yake ni ya majina na miundo, lakini yapo yanayomgusa moja kwa moja mkazi wa Katumba, Kiwira au Lwangwa, na hayo ndiyo yanayofafanuliwa hapa.

Badiliko lenye uzito mkubwa zaidi kwa mpiga kura linamhusu mgombea pekee. Kwa mujibu wa sheria ya zamani, jimbo au kata ikibakiwa na mgombea mmoja baada ya uteuzi, msimamizi wa uchaguzi alimtangaza kuwa amepita bila kupingwa, na kwa nafasi hiyo mpiga kura hakupewa karatasi yoyote. Hali hiyo ilijitokeza katika majimbo na kata kadhaa nchini mwaka 2020. Sasa mgombea aliyebaki peke yake sharti apigiwe kura ya ndiyo au hapana, na hawezi kutangazwa mshindi mpaka wapiga kura wamkubali kwa wingi wa kura.

Wapo wanaolichukulia hili kuwa jambo dogo, kwa hoja kwamba mgombea mmoja atashinda tu. Hoja hiyo inasahau kazi ya diwani. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na katika Baraza la Madiwani ndiye anayepiga kura kupitisha bajeti, sheria ndogo na ushuru wa mazao. Kwa wilaya inayoishi kwa chai, ndizi, viazi na parachichi, ushuru wa mazao ni fedha inayotoka mfukoni mwa mkulima kila msimu. Mtu mwenye mamlaka hayo kuingia ofisini bila hata kura moja ya wale anaowatoza lilikuwa pengo katika sheria, nalo sasa limezibwa.

Badiliko la pili linahusu watu walio gerezani. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18, na inaliruhusu Bunge kuweka mipaka kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Sheria ya zamani ilimwondolea haki hiyo kila aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita, pasipo kujali kosa lenyewe. Mwezi Desemba, 2022 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri lililofunguliwa na Tito Magoti na mwenzake, kwamba kifungu hicho kilikwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa Katiba inazungumzia aina ya makosa, ilhali sheria ilipima urefu wa kifungo.

Kwa mahabusu, tatizo lilikuwa la namna nyingine. Mahabusu hajahukumiwa, na hakuna sheria iliyomnyima kura. Hata hivyo, hakukuwa na kituo ndani ya kuta za gereza, kwa hiyo haki yake ilibaki kwenye karatasi. Kanuni za Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura za mwaka 2024 zimetoa nafasi ya kuandikishwa kwa mahabusu na wafungwa wenye vifungo vya chini ya miezi sita. Kuanzia tarehe 28 Juni hadi 4 Julai, 2025 Tume iliendesha uandikishaji katika vituo 130 vilivyowekwa magerezani Tanzania Bara na vituo 10 katika vyuo vya mafunzo Zanzibar. Kipimo cha miezi sita bado kipo, na hapo ndipo mjadala wa kisheria utakapoendelea. Majirani wetu wa Kenya waliwaruhusu wafungwa kupiga kura ya maoni ya Katiba mwaka 2010, na kura ya Rais mwaka 2017.

Kuongezeka kwa watu wenye haki ya kura si jambo geni katika nyanda hizi. Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ambalo Rungwe ilikuwa sehemu yake, lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia kupiga kura mwezi Septemba, 1958 kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Ili kuandikishwa, mtu alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au ashike wadhifa uliotambuliwa. Aliyefuzu alilazimika kupiga kura tatu: kwa Mwafrika, kwa Mwasia na kwa Mzungu. Mkulima wa migomba asiye na cheti wala mshahara hakuhesabiwa. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, ikatosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Sharti la kipato na elimu liliondolewa baada ya Uhuru.

Leo sharti kubwa linalobaki ni jina kuwa katika Daftari, na hapa ndipo penye mkanganyiko. Wakazi wengi walijiandikisha kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba, 2024, wakapiga kura tarehe 27 Novemba kuchagua wenyeviti wa vijiji na vitongoji. Orodha hiyo ilikuwa ya uchaguzi wa serikali za mitaa, uliosimamiwa na Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Siyo Daftari la Kudumu la Tume. Aliyejiandikisha huko peke yake hana jina katika Daftari la Uchaguzi Mkuu. Sheria ya Tume ya mwaka 2024 imeutaja uchaguzi wa ngazi hiyo miongoni mwa majukumu ya Tume, ila utekelezaji wake umeachwa usubiri sheria nyingine. Mpaka hapo, mwananchi ataendelea kuwa na orodha mbili.

Uboreshaji wa Daftari ulikamilika mwaka 2025 na Tume ilitangaza wapiga kura 37,655,559 nchi nzima. Kwa hiyo aliyehama bila kuhamisha taarifa zake bado anasomeka kituo cha zamani. Rungwe ina majimbo mawili, Rungwe na Busokelo. Aliyejiandikisha Tukuyu kisha akahamia Lwangwa amevuka mpaka wa jimbo ndani ya wilaya ileile, na jina lake halimo kwenye orodha ya Lwangwa.

Kuhusu Tume yenyewe, Rais bado ndiye anayeteua Mwenyekiti na wajumbe, lakini wajumbe sasa hupitia Kamati ya Usaili inayoongozwa na Jaji Mkuu. Msimamizi wa uchaguzi naye huteuliwa na Tume miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma. Awali mkurugenzi wa halmashauri aliushika wajibu huo kwa cheo chake. Baadhi ya vyama vya siasa vimesema hatua hizi hazitoshi.

Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2025, mwenye jina katika Daftari aliyepoteza kadi aliruhusiwa kutumia kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria, ilimradi majina yafanane na yaliyomo kwenye Daftari. Vituo vilipangwa kufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na utaratibu ulimruhusu aliyekuwa tayari kwenye mstari muda huo kupiga kura.